Mwanamume Huhesabiwa Msibani



Leo nataka tuanzie kwenye dodoso. Si la sensa, hili ni la ule utafiti wa afya na idadi ya watu unaofanywa hapa kwetu Tanzania kila baada ya miaka kadhaa, na ambao hufanywa pia Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo kwa maswali yanayofanana. Mdadisi akimpata mwanamume nyumbani humuuliza ana watoto wangapi aliowazaa. Kisha anaendelea, kwa sauti ileile aliyoulizia maji mnachota wapi: je, watoto wako wote mama yao ni mmoja? Ukisema hapana, anakuuliza umezaa na wanawake wangapi kwa jumla. Unajibu, anabonyeza kishikwambi chake, mnaendelea na mengine.

Sasa mwanamke. Huyu mdadisi hamwachii mpaka amemaliza historia yake yote ya uzazi. Mtoto wa kwanza anaitwa nani? Wa kike au wa kiume? Alizaliwa mwezi gani, mwaka gani? Yu hai? Anaishi nawe? Halafu wa pili, wa tatu, hadi kitinda mimba, na hata aliyeishi siku moja akafariki anaandikwa. Ni kazi ya subira, na ndiyo inayotuwezesha kujua watoto wangapi wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Lakini katika maswali yote hayo hakuna panapomuuliza mama: baba wa watoto hawa ni mmoja au ni zaidi?

Kwa hiyo kwenye takwimu, mwenye kuulizwa amezaa na wangapi ni mwanamume. Toka nje ya hiyo nyumba, tembea mpaka bombani, uone nani anayeulizwa. Mama mwenye watoto watatu wenye ubini tofauti hahitaji mdadisi. Mwalimu wa darasa la kwanza ameshamuuliza, mwenye nyumba ameshamuuliza, mawifi wameshamuuliza na kumjibia. Ana jina lake mtaani, anaitwa yule ambaye kila mtoto na baba yake. Mwanamume mwenye watoto watatu kwa mama watatu hana jina. Ni baba wa watoto watatu tu, na akinunua gari ataitwa mwanamume wa shoka.

Mtasema hilo tunalijua, ni unafiki wa zamani, songa mbele. Nasonga, ila naomba tuangalie kwanza hesabu yenyewe, maana humo wengi tunapotea. Nimesikia watu wakibishana kijiweni kwamba wanaume ndio wanaozaa nje, wanawake hapana. Hilo haliwezekani hivyo. Kila mtoto ana baba mmoja na mama mmoja, na kila mwanamume anapozaa na mwanamke mpya, upande wa pili nako kuna mwanamke aliyezaa na mwanamume huyo. Ukiorodhesha jozi zote za wazazi nchini, orodha ni moja, iwe umeianzia kwa akina baba au kwa akina mama. Kinachotofautiana ni jinsi jozi hizo zilivyogawanyika, na wakati zilipopatikana.

Chukua mgawanyo. Upande wa wanaume wapo waliozaa na wanawake wanne au watano, na wapo waliofikisha miaka thelathini na mitano bila mtoto, wakisubiri kazi, mahari na chumba. Wanawake hawapishani hivyo. Tena mwanamke wa Tanzania kwa kawaida huolewa akikaribia miaka 20, mwanamume huoa akiwa na 24 hivi au zaidi, na nchi yetu ni ya vijana, kila rika linalofuata ni kubwa kuliko lililotangulia. Wanaume wa umri fulani wakitafuta wenza katika rika lililo chini yao wanawakuta wasichana ni wengi kuliko wao. Ndiyo maana ndoa ya wake wengi inaweza kuendelea bila kila mwenye wake wawili kumwachia mwenzake upweke wa milele. Na mwanamume haishiwi mapema. Mwanamke akivuka miaka arobaini na tisa mdadisi hana tena haja naye. Mzee wa miaka sitini na tano anaweza kukuletea mdogo wako mwenye umri wa mwanao.

Halafu kuna wakati, na hapa ndipo naona tofauti kubwa kuliko zote. Mwanamke huzaa na wanaume wawili kwa zamu. Mwanamume anaweza kuzaa na wanawake wawili mwezi mmoja, mmoja Temeke na mwingine Morogoro, kila mmoja akiwa na kadi yake ya kliniki, na baba yuleyule akituma pesa za nepi kwa simu moja yenye laini mbili.

Tazama mwanamke anavyofika kwenye baba wa pili. Mara nyingi safari ilianza kabla hajajua kuna safari. Katika utafiti wa mwaka 2022, wasichana 22 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Katika ule wa 2015/16 walikuwa 27. Baadhi yao hawaolewi na aliyewapa mimba, kwa sababu naye ni mwanafunzi, au ni dereva wa bodaboda aliyehamia mji mwingine, au ni mtu mzima mwenye familia yake. Binti kazalia nyumbani, ndivyo tunavyosema. Mtoto anabaki kwa bibi, anamwita bibi yake mama na mama yake dada, na mama huyo baada ya miaka mitatu minne anaolewa na mwanamume mwingine, anazaa tena. Tayari ana watoto wa baba wawili, na hajafanya lolote la ajabu. Ameolewa, kama wote walivyomwombea. Wakati fulani hata mlango wa shule ulifungwa nyuma yake: Juni 2017 Rais Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi akijifungua asirudi shule ya serikali, na haikuwa mpaka Novemba 2021 ndipo Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba wataruhusiwa kurudi. Mvulana aliyempa mimba, kama alikuwa mwanafunzi na hakushtakiwa, aliendelea na kipindi cha hisabati.

Njia nyingine za mwanamke ni talaka na ujane. Hizi nazo watu huzisahau wanapocheka. Mjane wa miaka ishirini na sita akiolewa tena akazaa, naye ana watoto wa baba wawili.

Mwanamume njia zake nyingi ni za kujumlisha. Ndoa ya wake wengi inatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na sheria hiyohiyo inasema wazi kwamba mwanamke aliye ndani ya ndoa hawezi kufunga nyingine. Kisha kuna uhamisho wa kikazi, kuna udereva wa malori ya Tunduma, kuna machimbo, kuna uvuvi wa dago. Mtu anakaa ugenini miezi, anapikiwa, anafuliwa, anazaa, anahamishwa. Sisemi kila dereva na kila mwalimu aliyehamishwa yuko hivyo. Nasema ukimkuta baba mwenye watoto katika mikoa mitatu, uliza kwanza alifanya kazi wapi.

Kama mnadhani haya ni ya kizazi kilichoharibiwa na simu, twendeni Unguja karne ya kumi na tisa, kwenye jumba la Mtoni ambalo magofu yake bado yapo kaskazini ya Mji Mkongwe. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alipofariki baharini Oktoba 1856, akirejea kutoka Oman, aliacha watoto 36 walio hai. Idadi hiyo ameitoa binti yake mwenyewe, Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Mke mkubwa, Bi Azza binti Seif, hakuwa na mtoto. Wote wale 36 walizaliwa na masuria, wanawake walioingia jumbani kwa njia ya utumwa. Jilfidan, mama yake Salme, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa kwao akiwa mtoto mdogo. Na kwa sheria ya dini, mtoto wa suria ambaye bwana amemkubali ni mtoto kamili: anarithi, anatawala. Majid alikuwa mtoto wa suria, Barghash mtoto wa suria, wote wakakalia kiti cha baba yao. Hakuna aliyewaita watoto wa nje.

Miaka kumi baada ya kifo cha baba, Salme alipata mimba ya jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani aitwaye Heinrich Ruete. Mimba moja, ya mwanamume mmoja. Agosti 1866 alitoroka usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza hadi Aden, akajifungua huko mtoto wa kiume mwezi wa Desemba, na Mei mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa na Ruete siku hiyohiyo. Yule mtoto hakuishi. Salme aliiona tena Unguja mara mbili tu, kama mgeni, mwaka 1885 na 1888, akafia Ujerumani mwaka 1924. Najua kulikuwa na suala la dini ndani yake, na suala la siasa za Waingereza na Wajerumani, sitaki kulirahisisha. Lakini baba alikuwa na watoto 36 kwa mama wengi akafa na heshima yake yote, na binti kwa tumbo moja ikabidi apakiwe melini usiku.

Tumbo ni ushahidi, basi. Mwanamke anautembeza barabarani miezi mingi, mwanamume lazima atafutiwe shahidi. Hata sheria zetu ziliandikwa na watu waliolitazama tumbo. Zanzibar ilikuwa na sheria ya mwaka 1985 ambayo kwayo mwanamke aliyepata mimba bila ndoa aliweza kufungwa jela. Mwaka 2005 ikabadilishwa, adhabu ikawa kutumikia jamii. Kenya ilikuwa na sheria ya mwaka 1959 iliyomruhusu mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto matunzo. Wabunge wanaume waliilalamikia kwamba inawapa wanawake mtaji wa kukamua wanaume, na mwaka 1969 wakaifuta. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini hadi katiba ya mwaka 2010 kusema kwamba mtoto ana haki ya malezi ya baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la.

Hapa Bara tulikuwa na la kwetu. Kabla ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kulikuwa na sheria tuliyoirithi kwa mkoloni, na kwa sheria hiyo kiwango cha juu ambacho mahakama ingeweza kumtoza baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia moja, wasikilizaji. Mwaka 2009 hiyo haikutosha hata nauli ya daladala ya kwenda mahakamani kuidai. Nimewahi kujiuliza hakimu alikuwa na uso gani akisoma hukumu ya namna hiyo.

Sheria mpya haina kikomo hicho. Inawataka baba na mama wachangie kwa uwezo wao, na mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba pale ubaba unapobishaniwa. Kipimo hufanywa na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa maombi yanayopitia ofisi zinazotambuliwa, kama mahakama au ustawi wa jamii, siyo mtu kuingia tu na nywele za mtoto kwenye bahasha. Hapo wanaume wenzangu hunikatiza: mbona husemi tunavyobambikiwa? Nasema. Yapo, na mtu aliyelea miaka kumi kisha karatasi ikamwambia vingine ana maumivu ambayo si ya kuchekea. Wazee walikuwa na jibu lao, kitanda hakizai haramu: aliyezaliwa ndani ya ndoa yako ni wako, usipekue. Lile jibu lilimlinda mtoto, na lilimlinda mama, na kwa kweli lilimlinda baba pia asijue asichotaka kujua. Lakini angalieni lilivyokaa. Mwanamke akizaa na mwingine ndani ya ndoa, kitanda kinamfunika. Mwanamume akizaa nje, hakuna kitanda cha kumfunika mtoto huyo, na kwa fiqhi ya Kiislamu atarithi upande wa mama yake tu.

Aprili 2018 mtakumbuka kilichotokea Dar es Salaam. Aliyekuwa Mkuu wa Mkoa, Paul Makonda, aliwaita akina mama waliotelekezwa na wazazi wenzao wafike ofisini kwake. Walikuja wengi mno, na watoto mgongoni, na foleni ikageuka habari ya nchi nzima. Ghafla majina ya wanasiasa na viongozi wa dini yakawa yanatajwa. Sikuzipenda kamera zile, kwa sababu mtoto wa miaka saba hakuomba kuonyeshwa kwenye taarifa ya habari kama kielelezo. Hata hivyo kwa siku chache lile swali la mdadisi liliulizwa kwa sauti, wanaume wakiwa wanatazama televisheni, na nakumbuka baa moja ninayoijua ilivyokuwa kimya.

Lakini siku hizo zilipita. Kwa kawaida mwanamume wa kwetu huhesabiwa msibani.

Mmeona nyote. Marehemu yuko ndani ya jeneza, turubai limejaa, mshereheshaji anamkaribisha ndugu asome wasifu. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akafunga ndoa. Ameacha mjane mmoja na watoto wanne. Hapo kuna minong'ono upande wa kushoto. Nyuma, karibu na ndoo za maji ya kunawa, amesimama kijana wa miaka kama ishirini, amevaa shati jeusi la kuazima, na hana haja ya kujitambulisha: kipaji kile, masikio yale, mpaka namna ya kusimama akiegemea mguu mmoja. Kando yake kuna mama wa makamo aliyejitanda khanga hadi puani. Shangazi wa marehemu anainuka taratibu, anamwendea kijana, anamshika mkono, anampeleka mbele kwenye viti vya wafiwa. Mjane hageuki. Watoto wanne wanamtazama mtu mwenye sura ya baba yao, mkubwa kuliko kifungua mimba wao kwa miaka miwili.

Huyo shangazi alikuwa anajua. Siku zote kuna shangazi anayejua. Ndiye alikuwa anapeleka ada.

Msiba wa mama haupo hivyo. Anaweza kuwa na watoto wa baba watatu, lakini watoto wote wamekaa mstari mmoja, wamesuka nywele pamoja utotoni, wamegombania kitanda kimoja, na wanajuana mpaka nani alikuwa akikojoa kitandani. Hakuna anayeibuka nyuma ya ndoo. Watoto wa tumbo moja hukua pamoja hata kama ubini wao ni tofauti. Wa baba mmoja wanaweza kukutana mara ya kwanza wakiwa wamebeba jeneza.

Kinachofuata kinakuwa kikao cha ukoo. Muhtasari unaandikwa, msimamizi wa mirathi anateuliwa, majina ya warithi yanaorodheshwa ili yapelekwe Mahakama ya Mwanzo. Yule kijana jina lake liingie au lisiingie? Cheti cha kuzaliwa kina jina la baba au nafasi ni tupu? Marehemu aliwahi kumtambulisha kwa nani? Hapo mila inasema hivi, dini inasema vile, sheria ya serikali nayo ina lake, na mjane ambaye alisikia habari hizo juzi turubaini anaulizwa kama ana pingamizi. Anaulizwa yeye! Aliyejua yote amelala makaburini na hawezi kuhojiwa.

Kuna jambo moja dogo naliona kila mara kwenye vikao hivyo. Wazee hawamuulizi kijana, "Unataka nini?" Wanamuuliza, "Mama yako ni nani?" Naye analitaja jina la mama, pale mbele ya mjane, kama mtu anayekiri kosa alilolifanya yeye.

Mimi ni mwanamume, na sikuja hapa kuwahubiria wenzangu wasizae. Ushauri wangu ni wa karani. Chukua daftari. Andika majina ya watoto wako wote, waliomo ndani na walioko nje, kila mmoja na mwaka wake wa kuzaliwa, na jina la mama yake kando. Hakikisha kila mmoja ana cheti chenye jina lako. Hata kama hamkuoana na mama yake, mwandikishe ungali hai na ukiri mwenyewe kuwa ni wako. Kisha mwonyeshe mkeo daftari hilo. Hapo ndipo wengi mnaponiambia nimechanganyikiwa, na nawaelewa. Namjua mzee mmoja wa Tanga aliyefanya hivyo akiwa na miaka sabini. Mkewe hakusema naye wiki tatu. Wiki ya nne alimletea chai, akakaa, akavaa miwani, akamwambia: "Huyu wa Korogwe umemkosea mwaka. Alizaliwa kabla ya Saidi wetu, si baada."